Lafudhi ya Kisukuma haikufelishi IELTS

Wadogo zangu wa Nyegezi na Buzuruga mnaojiandaa na mtihani wa kuongea wa IELTS, ule wa kupima Kiingereza, naomba tuelewane kwenye hii ishu ya kubana pua ili usikike Mwingereza, maana imeimbwa miaka na miaka na watu bado wanalipia tyusheni kwa ajili yake. Mtahini hatafuti Mwingereza. Anapima vitu vinne, vyote uzito sawa: unavyotiririka na kupanga hoja, msamiati, sarufi na matamshi, na kwenye matamshi kikubwa ni kama anakuelewa bila kuhangaika. Kwahiyo kama r na l zinakuchanganya fanyia kazi hizo, lafudhi iache ilivyo.

Mtihani wenyewe ni dakika 11 hadi 14 tu. Panapowaumiza wengi ni sehemu ya pili, unapewa kadi, dakika 1 ya kujipanga, halafu unaongea peke yako mpaka dakika 2. Ukiambiwa uelezee sehemu yenye watu wengi mpeleke mtahini Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba Mwanza, dagaa wanavyopakiwa, wabebaji wanavyopigana vikumbo, akina mama wanavyobishana bei. Hayo unayajua, hutakwama. Majibu ya kukariri wanayashtukia fasta na yanakushusha, bora ujirekodi kwenye simu jioni ukajisikilize unapokatikia.