Je, wajua ulimi wa paka una vijiko?

Paka wangu alipofungwa kizazi, daktari wa mifugo alimvisha kola ya plastiki shingoni ili asilambe mshono, akasema isitoke mpaka nyuzi zitolewe, baada ya siku 10 hadi 14. Mimi nikaona ni mateso ya bure. Si mate ya paka ni dawa? Siku ya nne nikamvua. Kufika jioni uzi mmoja ulikuwa umeshalegea.

Nilikosea mara mbili. Mate ya paka yana vimeng'enya vinavyodhoofisha baadhi ya bakteria, hilo ni kweli, ila kutoka hapo hadi kuponya mshono ni mbali. Mate hayohayo hubeba Pasteurella multocida, bakteria wa yale majipu wanayopata paka waking'atana. Kosa la pili ndilo kubwa: niliudhani ulimi ni kitambaa chenye maji.

Ulimi wa paka umejaa miiba ya keratini, dutu ileile ya kucha, yote ikielekea kooni. Kwenye mshono, kila mwiba ni ndoana.

Kwenye manyoya mambo ni mengine. Mwaka 2018, watafiti Alexis Noel na David Hu wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba ncha ya mwiba ina mfereji wazi, kama kijiko chembamba. Fikiria utambi wa kibatari: hakuna anayepampu mafuta ya taa, yanapanda yenyewe kwenye upenyo mwembamba. Mate nayo hupanda mferejini, hukaa humo, kisha hushuka mwiba unapogusa manyoya ya ndani, karibu na ngozi. Kitambaa kingelowesha juu tu. Simba na chui-milia wana vijiko hivyohivyo.

Ndiyo maana paka aliyepona, kwa kawaida, hahitaji kuogeshwa kwenye beseni. Ngozi ikishafunga na nyuzi zimetoka, brashi laini inatosha kuondoa manyoya yaliyokufa, ukilikwepa kovu. Akiwa amechafuka kweli, maji ya uvuguvugu na shampuu ya paka, si yako. Paka wa Kiajemi wasiingizwe kwenye hesabu hii: manyoya yao, hata yakigandamizwa na ulimi, bado ni mazito kupita urefu wa miiba, kwa hiyo brashi kwao ni lazima.

Wangu alipovuliwa kola mara ya pili, safari hii kwa ruhusa, nilimpiga brashi mwili mzima. Akavumilia. Nilipomaliza akaketi, akaanza kulamba upya kila mahali nilipopita.