Kusoma na rabi ukibaki na ubatizo wako

Sinagogi ya hapa Lubumbashi iko tangu mwaka 1930, kazi ya jumuiya ambayo wengi wake walitoka kisiwa cha Rhodes. Mkristo anayetaka kujua kama anaruhusiwa kusoma Maandiko kwa rabi huuliza kwa sauti ya chini, kama anayeungama. Hakuna cha kuungama. Hieronimo, aliyetupa Biblia ya Kilatini, alijifunza Kiebrania kwa Wayahudi. Nicolas wa Lyra, Mfransisko aliyefariki mwaka 1349, alitumia sana maelezo ya Rashi, rabi wa Troyes (1040–1105). Wote wawili walikufa wakiwa Wakristo.

Anza na huyo Rashi, na anza kwenye Mwanzo. Angalia 22:2: "mwanao, mwana wako wa pekee, umpendaye, Isaka." Sisi tunakimbilia kisu. Rashi anauliza: kwa nini maneno manne kwa mtoto mmoja? Anasikia mazungumzo ya Mungu na Abrahamu. "Mwanao." Abrahamu anajibu: ninao wawili. "Wa pekee." Kila mmoja ni wa pekee kwa mama yake. "Umpendaye." Nawapenda wote. Ndipo jina linatajwa: Isaka. Mungu hakulitaja mara moja, anasema Rashi, ili asimvuruge mzee akili kwa ghafla. Huu ndio utajiri wenyewe: kukataa neno lipite bure. Wala haukudai uache hata sentensi moja ya Kanuni ya Imani.

Saa moja kwa wiki inatosha, mistari mitano hadi saba. Wayahudi wanaigawa Torati sehemu 54 na kuimaliza kwa mwaka. Mgeni akifuata mwendo ule ataishia kusoma bila kuuliza. Katika kaye piga mistari, upate safu tatu: andiko, mwalimu, kanisa langu. Safu ya pili usiandike "Wayahudi wanasema". Andika jina, "Rashi", maana Ramban, rabi mwingine aliyekuja baada yake, anampinga mara nyingi, tena waziwazi. Safu zikichanganyika, baada ya miezi mitatu hutajua tena ni nani alikuambia nini, na hapo ndipo watu wanapotea.

Chunga namba za mistari. "Uniumbie moyo safi" ni Zaburi 51:10 katika Biblia ya Kiswahili ya Union, lakini kwa Kiebrania ni 51:12, kwa sababu kichwa cha zaburi kinahesabiwa. Segond, Biblia ya Kifaransa, nayo inahesabu hivyo. (Pasta anayesoma Kifaransa na mkalimani wake wa Kiswahili wakipishana mbele ya waumini, chanzo mara nyingi ni hiki.)

Isaya 7:14 na sura ya 53 ziache zingoje, mimi ningesema miezi sita. Kiebrania cha 7:14 kina neno alma, mwanamke kijana; Mathayo 1:23 inafuata tafsiri ya Kigiriki, inayosema bikira. Na mtumishi wa sura ya 53, kwa Rashi, ni Israeli. Anayekutana na hayo wiki ya kwanza ama anagombana ama anayumba. Aliyekwisha kuzoea namna Rashi anavyouliza ataona njia mbili zinaachania wapi, na ataandika kila moja kwenye safu yake.

Anayevaa shali ya sala, anapiga pembe ya kondoo dume na kumhubiri Yesu ni mwalimu wa Kikristo hata akijiita rabi. Anaweza kuwa mzuri, ila siye unayemtafuta. Na anayedai umkane Yesu kwanza ndipo akufundishe, muage kwa heshima: kwa sheria ya marabi, asiye Myahudi anadaiwa amri 7 za Nuhu, si zile 613 za Torati, na rabi hana desturi ya kuwinda waongofu. Vilevile usiandae meza ya Pasaka ya Kiyahudi kanisani ukisema Yesu alifanya hivihivi. Yesu aliishi kabla Hekalu la Yerusalemu halijateketezwa mwaka 70. Utaratibu wa jioni ile tunaupata katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, karibu mwaka 200, na uliendelea kuongezeka baadaye.

Ukikaribishwa Sabato, omba ruhusa mapema. Mwanaume afunike kichwa. Jina la Mungu la herufi nne usilitamke; sema "Hashem", yaani Jina. Simu izimwe, pesa ya sadaka isiletwe, na hakuna kuandika. Maswali yako yaandike Ijumaa mchana, uyashike kichwani. Kaye na biki vibaki nyumbani.