Damu inatoka, wewe bado umelala ndani? Maswali ninayoulizwa wodini

Mimi ni muuguzi mkunga hapa Tanga. Maswali haya nanong'onezwa mlangoni, mara nyingi yakiwa yamechelewa siku mbili tatu.

Mimba kuharibika ni nini?
Ni mimba kutoka yenyewe kabla ya wiki 28. Mara nyingi mama hakukosea lolote.

Nikienda hospitali na damu, si nitaitiwa polisi?
Nenda. Kanuni za Adhabu, vifungu 150 hadi 152, zinakataza kutoa mimba. Kutibiwa mimba iliyoharibika si kosa, na huduma hiyo ipo kwenye miongozo ya Wizara ya Afya. Kuna dada aliletwa na bajaji, kanga mbili zimelowa, miguu imepoa hadi magotini. Alikuwa ndani tangu juzi yake, mama mkwe anamchemshia majani ya "kusafisha tumbo". Nikamwuliza, mbona hivi? Akasema, "Niliogopa mtasema nimeitoa." Majani hayazuii damu, jamani! Nenda.

Na kama kweli niliitoa?
Nenda vilevile. Tuambie umemeza nini, vingapi, saa ngapi. Tunauliza tupate kukutibu.

Dalili gani zisisubiri?
Pedi mbili kulowa ndani ya saa moja, kizunguzungu, homa, uchafu unaonuka, tumbo kuuma sana. Usingoje kuche. Usingoje mume arudi kutoka dago, kambi ya wavuvi.

Nina cheti cha daktari, mbona duka la dawa limeninyima misoprostoli?
Hiyo "miso" ilianza kama dawa ya vidonda vya tumbo. Siku hizi inazuia damu baada ya kujifungua na inasafisha kizazi mimba ikiharibika. Haihitaji friji kama oksitosini, ile sindano ya kuzuia damu baada ya kujifungua, kwa hiyo zahanati isiyo na umeme wa uhakika inaitegemea. Lakini kwa kuwa inaweza pia kutoa mimba, wauzaji wengine wanaikimbia hata mbele ya cheti, na wengine wanaiuza kwa kificho, kidonge kimekunjwa kwenye kipande cha gazeti, hakina jina wala tarehe. Ndugu muuzaji, soma cheti, mpigie simu aliyekiandika. Mgonjwa yuko mbele yako anavuja damu! Na wewe dada, ukinyimwa usiingie vichochoroni. Rudi hospitali saa ileile.

Dawa nyingine zinaguswa na hofu hii?
Methotreksati. Inatibu baridi yabisi, na pia mimba iliyotunga nje ya kizazi. Marekani, baada ya Mahakama ya Juu kufuta haki ya kutoa mimba Juni 2022, kuna wagonjwa wa baridi yabisi walionyimwa dawa yao dukani kwa hofu kwamba itatumika kutoa mimba. Kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, si kila siku, na mjamzito haitumii kabisa.

Mtu anatoka damu nyumbani sasa hivi, nifanyeje?
Mlaze, mfunike, ita bajaji. Kadi ya kliniki ikiwa karibu, ichukue. Isipoonekana, njooni bila kadi.