Antibayotiki ya Upasuaji Hutangulia Kisu: Maswali ya Wagonjwa na Ndugu Zao

Kila wiki wodini tunampokea mtu aliyeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na mshono mzuri, kisha anarudi mshono umefumuka na unatoa usaha. Tukimuuliza kwa nini alikaa siku zote hizo, jibu ni lilelile: "Nilikuwa nameza antibayotiki." Maswali haya tunaulizwa kila siku, na mengi yanaishia hapohapo.

Antibayotiki ya kinga kwenye upasuaji ni nini?

Ni dawa ya kuua bakteria anayopewa mtu ambaye bado hana maambukizi, ili bakteria watakaoingia wakati jeraha liko wazi waikute dawa tayari kwenye damu na kwenye nyama. Mara nyingi ni dozi moja tu, kwa njia ya mshipa.

Inatolewa saa ngapi?

Kabla ya ngozi kukatwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu. Kwa sefazolini, ambayo ndiyo inayotumika sana, wengi wetu tunalenga dakika 60 za mwisho kwa sababu haikai mwilini muda mrefu. Ndiyo maana utachomwa ukiwa umeshafika chumba cha upasuaji, mara nyingi na mtaalamu wa usingizi. Sindano ya alfajiri wodini, kwa mtu atakayepasuliwa mchana, haimkingi.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1961 daktari John Burke alionyesha, kwa majaribio ya wanyama, kwamba dawa ikicheleweshwa zaidi ya saa 3 baada ya bakteria kuingia, haileti tofauti tena. Mwaka 1992 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 2,847 wa hospitali moja ya Salt Lake City, Marekani. Waliochomwa ndani ya saa 2 kabla ya kukatwa, asilimia 0.6 walipata maambukizi ya jeraha. Waliochomwa zaidi ya saa 3 baada ya kukatwa, asilimia 3.3.

Mbona nimeruhusiwa bila vidonge vya antibayotiki? Mwenzangu alipewa.

Kwa sababu kinga yako ulishapewa, na muda wake umekwisha. Jeraha likishafungwa, kuongeza siku tano au saba za vidonge hakupunguzi maambukizi. Shirika la Afya Duniani liliandika wazi mwaka 2016: kinga isiendelezwe baada ya upasuaji kumalizika. Kinachoongezeka ni kuharisha, upele, na bakteria sugu watakaokusumbua siku utakapoumwa kweli.

Mwenzako huenda alikuwa na ugonjwa mwingine. Aliyepasuliwa kidole tumbo kilichokwisha kupasuka, au aliyekutwa na usaha tumboni, anatibiwa maambukizi yaliyopo tayari. Huyo anahitaji dawa za siku kadhaa, na azimalize kama alivyoelekezwa. Usilinganishe cheti chake na chako.

Inasikitisha kusema, lakini hata baadhi yetu watoa huduma bado tunaandika kapsuli za siku saba "kwa usalama", au tunampa mgonjwa ili asilalamike. Si usalama huo. Tuache.

Basi nikijinunulia mwenyewe dukani, kuna ubaya gani?

Upo, na ndio unaotuumiza kichwa. Jeraha linapoanza kuuma upya na joto la mwili kupanda, mtu anameza kapsuli zilizobaki kabatini au alizopewa na jirani. Homa inashuka kidogo. Anaamini anapona, kumbe usaha unajikusanya chini ya ngozi na kuchimba kuelekea ndani. Dawa ya kumeza haifiki vizuri katikati ya usaha uliojikusanya. Usaha unatakiwa kufunguliwa na kutolewa, na hilo kapsuli haiwezi kulifanya hata ukimeza kopo zima.

Tena, ukifika hospitali ukiwa umeshameza dawa za kubahatisha, sampuli ya usaha tunayopeleka maabara inaweza isioteshe bakteria yeyote. Hapo tunabaki kukisia dawa ya kukupa.

Kwa hiyo tafadhali, usimeze. Rudi.

Na kufungua kapsuli nikanyunyizia unga wake kwenye mshono?

Hapana. Unga huo umetengenezwa umezwe. Kwenye kidonda unagandamana na majimaji, unaficha tusione kinachoendelea, na unaweza kuwasha ngozi. Mara nyingi mshono unaoletwa umepakwa unga, inabidi tuuoshe kwanza ndipo tuone, na mgonjwa anaumia bure. Usinyunyizie, na wala usimruhusu ndugu akunyunyizie kwa nia njema.

Nitajuaje kwamba ni wakati wa kurudi?

Maumivu yaliyokuwa yanapungua yanaanza kuzidi. Wekundu unasambaa kuzunguka mshono, au kwa ngozi nyeusi unaona imeiva, inang'aa, ina joto na imevimba. Usaha au harufu mbaya. Homa. Mshono kuachia.

Moja tu kati ya hizo inatosha. Rudi siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Usingoje "nimalize dozi kwanza nione", maana hiyo dozi hakuna aliyekuandikia. Hatari haiishi wiki ya kwanza: maambukizi ya jeraha tunayafuatilia hadi siku 30, na kama umewekewa chuma au kiungo bandia, hadi siku 90.

Kila upasuaji unahitaji dawa ya kinga?

La. Kutoa uvimbe mdogo wa ngozi, kwa kawaida hakuhitaji. Kujifungua kwa upasuaji kunahitaji, na kwa kila mama, kabla ya kukatwa. Zamani ilisubiriwa kamba ya kitovu cha mtoto ibanwe ili dawa isimfikie. Baadaye ilibainika kuwa kuitanguliza kunamkinga mama zaidi bila kumdhuru mtoto.

Upasuaji ukiwa mrefu?

Inarudiwa palepale mezani. Kwa sefazolini ni kila baada ya saa 4, au damu nyingi ikipotea, kama lita moja na nusu.

Mimi mwenyewe nifanye nini kabla?

Oga kwa sabuni usiku au asubuhi ya siku hiyo. Usijinyoe kwa wembe sehemu itakayokatwa! Wembe unaacha michubuko midogo usiyoiona, na bakteria hukaa humo. Nywele zikilazimika kuondolewa, tutazipunguza wenyewe kwa mashine. Kama una kisukari, sukari ishushwe mapema. Kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla, kwa kuwa moshi unachelewesha kidonda kupona.

Halafu sema ukweli kuhusu mzio. Usituambie tu "nina mzio wa penisilini", tueleze kilichotokea. Kuvimba midomo, kubanwa pumzi au kuzimia ni jambo zito, na tutakutafutia dawa nyingine. Nyingine hizo, kama vankomaisini, huingizwa taratibu kwa dripu na lazima zianze mapema zaidi, kwa hiyo tuambie tangu siku unapopangiwa upasuaji. Kuharisha kidogo baada ya amoksilini, ambayo ni jamii ya penisilini, si mzio, na ukiuita hivyo unaweza kunyimwa dawa inayokufaa kuliko zote.