Kwa nini ukiongeza taa kwenye tangi la samaki, mwani hustawi na mimea hudumaa?

Mwenye tangi lililopandwa mimea akiona majani hayakui, kitu cha kwanza anacholaumu ni taa. Anatoa ya wati 10, anafunga ya wati 30. Wiki mbili baadaye vioo vina madoa ya kijani, majani yamezongwa na nyuzi, na mimea yenyewe iko pale pale. Mwani na mimea vyote vinaishi kwa mwanga. Kwa nini basi anufaike mmoja?

Sababu kubwa ni hewa ukaa. Mmea hutumia nguvu ya mwanga kutengeneza sukari kutokana na maji na hewa ukaa, na ndani ya maji hewa hiyo husambaa polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyosambaa hewani. Maji ya tangi lisiloongezewa gesi hiyo huwa na miligramu 2 au 3 hivi kwa lita. Chini ya taa kali, mimea inaweza kuimaliza katika saa chache za kwanza baada ya taa kuwaka. Mwanga unaofuata baada ya hapo ni sawa na kuchochea kuni chini ya sufuria iliyokauka maji. Jani linachakaa, linavujisha sukari na taka nyingine, na hapo ndipo mwani unapojishika.

Mwani wenyewe hauna mizizi wala shina la kulisha. Uzi wake mara nyingi una unene wa seli moja tu, kwa hiyo karibu mwili wake wote unagusana na maji, na makombo yanautosha. Mmea mkubwa unahitaji hewa ukaa, naitreti, fosfeti, potasiamu na chuma kwa pamoja. Kikikosekana kimoja, ukuaji unasimama hata kama vingine vimejaa. Taa ndiyo inayopanga kiasi ambacho mmea utadai kwa siku. Ukishindwa kulipa deni hilo, punguza taa, usiongeze.

Tuchukue tangi la kawaida la sentimita 60 kwa 30, lenye kimo cha 36. Likijaa ni lita 65, lakini ukitoa changarawe na nafasi ya juu unabaki na kama lita 55. Bila kuongeza gesi, lumeni (kipimo cha mwanga unaotolewa na taa) 10 hadi 20 kwa lita zinatosha, yaani lumeni 550 hadi 1,100. Taa nyingi za LED hutoa lumeni 100 hivi kwa wati moja, kwa hiyo unahitaji wati 6 hadi 11. Zile za wati 30 zinazouzwa kwa tangi la ukubwa huu zinapendeza dukani tu. Kama unayo tayari, usiitupe: inyanyue sentimita 15 au 20 juu ya maji, au acha mimea inayoelea ifunike theluthi ya uso wa tangi.

Muda una uzito kama ukali. Anza na saa 6 kwa siku, na ukae hapo wiki 4 za mwanzo. Mimea mipya bado inajenga mizizi na kubadilisha majani, haina njaa ya mwanga. Baadaye ongeza nusu saa kwa wiki, ukikomea saa 8. Si lazima taa iwake asubuhi. Saa 9 alasiri hadi saa 3 usiku inawafaa watu wanaotoka kazini jioni. Tumia taima ya soketi, lakini ile ya kuzungusha kwa mkono husimama umeme ukikatika na kuendelea pale ilipoishia ukirudi. Umeme ukikatika mara tatu kwa wiki, utakuta taa inawaka usiku wa manane. Taima ya kidijitali yenye betri ndogo ndani haina tabu hiyo.

Dirisha ni adui anayesahaulika. Jua la saa 6 mchana hapa kwetu karibu na ikweta hufika mikromoli 2,000 hivi za mwanga kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, wakati mimea ya tangi lisilo na gesi inatosheka na 30. Dakika 40 za jua la moja kwa moja zinaharibu hesabu zote za taima. Hamisha tangi au bandika karatasi nyeusi upande unaopigwa.

Panda mimea mingi tangu siku ya kwanza, angalau nusu ya sakafu, na iwe inayokua haraka: Vallisneria, Hygrophila, Ceratophyllum. Vallisneria na Ceratophyllum zinaweza pia kutumia baikaboneti iliyoyeyuka majini hewa ukaa ikipungua, faida kubwa kwa anayetumia maji magumu ya kisima cha pwani. Anubias ni imara, lakini inakua taratibu na mwani unapenda majani yake. Iweke kwenye kivuli.

Kosa lililozoeleka ni kuacha mbolea ili mwani ufe njaa. Wa kwanza kuumia ni mmea. Naitreti ibaki miligramu 10 hadi 20 kwa lita, fosfeti 1 hivi. Kinachopaswa kupungua ni amonia na taka: badilisha asilimia 30 hadi 50 ya maji kila wiki, lisha samaki kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 2, na kata majani yaliyooza.

Ukitaka taa kali, lazima gesi. Iwashe saa moja au mbili kabla ya taa, ilenge miligramu 20 hadi 30 kwa lita, na izimwe saa moja kabla ya taa kuzimwa. Samaki wakipanda juu kuhema, imezidi. Chupa ya hamira na sukari ni rahisi, lakini haizimiki usiku na gesi yake hupanda na kushuka. Kuyumba huko kunaleta mwani mweusi wa vishungi, ambao ndio msumbufu kuliko wote. Kwa huo, zima filta, dondoshea haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 moja kwa moja juu yake kwa bomba la sindano, usizidi mililita 1 kwa kila lita 4 za tangi, kisha subiri dakika 10 na uwashe. Ukifa hugeuka waridi, halafu mweupe. Chupa ikiandikwa 20 vol, hiyo ni asilimia 6. Izimue kwa maji nusu kwa nusu.

Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya lifute tu, kwa kawaida huondoka lenyewe baada ya wiki kadhaa. Madoa magumu ya kijani kwenye kioo huashiria taa nyingi na fosfeti kidogo. Maji yakiwa ya kijani kama mchicha uliosagwa, funika tangi lote kwa blanketi siku 3, acha pampu ya hewa ikifanya kazi, usilishe, kisha badilisha nusu ya maji. Utando wa bluu-kijani unaoteleza na kunuka si mwani bali ni bakteria. Dawa yake ni giza hilo hilo, na mara nyingi kipimo kitaonyesha naitreti imefika sifuri.

Konokono husafisha vioo vizuri, ila usiwaokote ziwani wala mtaroni. Jamii za Biomphalaria na Bulinus hubeba vimelea vya kichocho, na wewe ndiye utakayeingiza mkono kwenye tangi kila wiki.