Kengele imelia, nani mwenyewe?

Miezi ya karibuni simu za malalamiko zinazofika kitengo chetu zimeongezeka, na nyingi zina maneno mawili tu: "Sistimu imelala." Nyengine huja na dawa yake kabisa: "Tuongezeeni prosesa." Kwa kuwa ofisi nyingi za Unguja na Pemba mifumo yao sasa inakaa kwenye klasta moja, yaani kundi la seva zinazobeba kazi kwa pamoja, na si kwenye kompyuta chini ya meza ya mhasibu kama zamani, nimetakiwa nieleze namna tunavyofuatilia matumizi, kengele hulia kwa sababu gani, na nani afanye nini ikilia. Mashine pepe, yaani kompyuta ya programu tu inayokaa ndani ya seva, sitaieleza zaidi, mnazo tayari. Mwananchi aliyesimama foleni dirishani naye asome, maana muda unaopotea ni wake.

Nianze na rangi. Programu tunayosimamia nayo klasta, vCenter, huja na viwango vyake. Prosesa ya hosti, yaani seva halisi inayobeba mashine pepe, ikipita asilimia 75 na kukaa hapo dakika tano, taa huwa ya njano. Ikipita 90, nyekundu. Sehemu za kuhifadhia data huwa njano kwa 75 na nyekundu kwa 85. Wakubwa wengi wakiona nyekundu kwenye dashibodi hunipigia simu kunipa pole, kana kwamba mashine imefariki. Haijafariki. Mashine inayochukua bekapu saa sita za usiku hupanda mpaka 95 na kubaki hapo saa nzima, na ndivyo tunavyotaka: prosesa imelipiwa, ifanye kazi. Kwa mashine kama hizo tumerefusha muda kabla ya kengele kulia. Kengele ya skuli ikilia kila dakika, mwisho wanafunzi hawatoki tena darasani.

Kuna shutuma moja nimechoka nayo, nayo ni kwamba tunaficha nafasi. "Mbona hosti zenu ziko asilimia 70 na sisi mnatunyima?" Tufanye hesabu pamoja. Chukua klasta ya hosti nne zinazolingana. Moja ikizimika ghafla, mashine zake zote huwashwa upya kwenye tatu zilizobaki. Kama kila moja ilikuwa imejaa asilimia 75, jumla ni 300, na hosti tatu zinabeba 300 barabara, bila nafasi hata ya sindano. Ikiwa zote zilikuwa 90, jumla ni 360, na hiyo 60 haina pa kwenda: prosesa hupwelea, na kumbukumbu (RAM) ikikosekana kuna mashine hazitawaka. Zitakosa zipi? Huenda ni yako. Kwa klasta ya hosti tatu mpaka ni mdogo zaidi, kama asilimia 66. Robo ile mnayoiona imekaa bure ndiyo kiti cha akiba. Hatuiuzi, na barua ya mkubwa yeyote haitaibadilisha hesabu hiyo.

Tuje kwenye prosesa zenyewe. Ofisi moja ilituletea ombi la kupandisha mashine yake kutoka prosesa pepe 4 hadi 16 kwa sababu ripoti za mwisho wa mwezi zilikuwa nzito. Nilikataa kwa mdomo, nikaandikiwa, nikatekeleza. Ripoti zikazidi kuwa nzito. Wakanipigia tena: hizo 16 hazitoshi, leteni 24.

Hapa namba ya kutazama si asilimia ya matumizi. Ni muda wa kungoja, yaani ule ambao mashine pepe iko tayari kufanya kazi lakini hosti haijaipa prosesa halisi. Fikirini gari ya 502 pale Darajani. Abiria mmoja hupata kiti chochote kilichobaki na safari ikaenda. Familia ya watu wanane isiyotaka kutengana, yaani mashine yenye prosesa pepe nane, itaziacha gari mbili tatu zipite, na kila gari inayopita imo na kiti kimoja kitupu. Programu za siku hizi zimelegeza sharti hilo, hazingojei wote wanane kwa ukali wa zamani, lakini familia kubwa bado huchelewa. Kipimo chenyewe huchukuliwa kila sekunde 20, kwa milisekunde. Ukiona prosesa pepe moja imengoja milisekunde 1,000 katika hizo 20,000, ni asilimia 5. Hapo tunaanza kuitazama kwa karibu. Ikifika 2,000, yaani asilimia 10, mtumiaji ameshaanza kulalamika na ana haki. Mashine ile ya prosesa 16 ilikuwa imepita hapo. Tulipoirudisha kwenye 4 na kumtaka mtengenezaji wa programu airekebishe ripoti iliyokuwa ikisoma jedwali zima kila mara, kazi ya dakika 40 ikawa ya dakika sita. Barua ya shukrani haijafika mpaka leo, ila hilo si la hapa.

Kumbukumbu nitaipitia haraka. Hosti ikipungukiwa, huanza kwa upole: hufutusha kama puto ndani ya mashine pepe ili zile kurasa za kumbukumbu zisizotumika zirudi kwake. Isipotosha hukandamiza, na mwisho kabisa huhamishia kwenye diski. Puto likifutuka kidogo hatuamki usingizini. Uhamishaji wa kwenda diskini ukianza, tunaamka, kwa sababu diski ni ya polepole mno ukiilinganisha na kumbukumbu na kila mtu atauona uzito.

Sasa snapshoti, yaani alama ya hali ya mashine ilivyo sasa hivi, ili mambo yakiharibika uirudie. Hapa naomba mnisamehe sauti yangu ikipanda.

Snapshoti si bekapu. Nimelisema kwenye mafunzo ya Chake Chake, nimelisema Mazizini, limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Ukichukua snapshoti, diski ya asili husimama ilipo na kila kinachoandikwa baadaye huenda kwenye faili la pembeni. Faili hilo hukua. Kwenye mfumo wa hifadhidata unaoandika mchana na usiku hukua kwa kasi, na diski ya asili ikiharibika snapshoti yako haina kitu, maana inaegemea diski hiyohiyo. VMware wenyewe, watengenezaji wa vCenter, wanashauri snapshoti moja isizidi saa 72.

Mkesha wa sikukuu, Ijumaa jioni, mkandarasi wa ofisi moja alichukua snapshoti kabla ya kusasisha mfumo. Usasishaji ukaenda vizuri, watu wakaenda kula sikukuu, snapshoti ikabaki. Jumapili sehemu ya kuhifadhia ikapita 75, njano. Kuna mtu aliingia kutoka nyumbani, akabonyeza kwamba ameiona, akatoka. Kubonyeza huko hunyamazisha ujumbe. Hakupunguzi hata baiti moja. Jumatano saa mbili na robo asubuhi diski ikajaa, na kwa kuwa mashine nyingi pale zilikuwa zimeahidiwa nafasi kubwa kuliko iliyopo kweli, kila iliyotaka kuandika ilisimama. Mashine 11. Mfumo wa mkandarasi ulikuwa mmoja tu kati ya hizo. Kumi nyengine zilikuwa za ofisi ambazo hazikufanya kosa lolote.

Nilifika kwenye dirisha la moja ya ofisi hizo kabla sijafika kituoni, kwa sababu ilikuwa njiani. Kijana wa ndani alikuwa anabonyeza kitufe kimoja tena na tena, kioo cheupe. Mzee aliyetoka Makunduchi tangu alfajiri alikuwa na bahasha ya risiti ameikunja mara nne, anaikunjua, anaikunja. Aliniuliza kama mtandao utarudi kabla ya adhuhuri. Nikamwambia mtandao haujaenda popote. Jibu sahihi, na halikumsaidia chochote.

Tatizo la diski iliyojaa ni kwamba hata kuondoa snapshoti kunaweza kuhitaji nafasi ya kuunganishia, na nafasi hiyo ndiyo tuliyokosa. Tuliokolewa na uchafu: tulikuta faili za kusakinishia programu, gigabaiti 40, mtu alizitupa pale miaka nyuma. Tukazifuta, tukapata pumzi, tukaanza kuunganisha. Ilimalizika saa tisa alasiri.

Kutokana na hayo, utaratibu ni huu na unatumika kwa kila ofisi bila kubagua. Kengele ya njano huenda kwa barua pepe kwa msimamizi wa mfumo, ambaye anapaswa kujibu ndani ya saa nne za kazi, kwa maandishi, akitaja jina la mashine, chanzo na hatua. "Tunafuatilia" si hatua. Jibu hilo hurudishwa. Kengele nyekundu huenda kwa ujumbe wa simu, na baada ya dakika 15 bila jibu tunapiga namba ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Snapshoti ichukuliwe kwa fomu inayotaja tarehe ya kuondolewa. Ikipita saa 72 tunamwarifu mwenyewe, na siku inayofuata tunaiondoa sisi. Maombi ya kuongezewa prosesa au kumbukumbu yaje na grafu ya siku 30, nakala mbili, saini ya mkuu wa kitengo, siku tatu za kazi kabla. Ombi lisilo na grafu halisomwi. Ofisi ikiacha kengele nyekundu tatu bila jibu katika robo mwaka, haki yake ya kuchukua snapshoti hufungwa na mashine zake hushushwa daraja, maana yake nafasi ikibana wengine hupewa kwanza. Kufunguliwa tena ni kwa barua na mafunzo ya nusu siku.

Na anayempa mkandarasi nywila yake ili "aangalie mara moja" ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika Bara na Zanzibar, inahesabu kuingia kwenye mfumo bila idhini kuwa kosa. Faini haipungui shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida iliyopatikana ikiwa ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Mkandarasi hufunguliwa akaunti yake, yenye mwisho wake. Inachukua dakika kumi.

Kengele ya joto nayo isidharauliwe. Waliokuwepo Unguja kati ya Desemba 2009 na Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa kutoka Bara, hawahitaji kuelezwa. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013 na hali si ile, lakini umeme ukikatika hata dakika chache, betri hubeba seva na hazibebi viyoyozi. Seva zinaendelea kutoa joto kwenye chumba kisicho na ubaridi, na mpaka jenereta ishike, joto ndilo linalokimbia kuliko namba nyengine zote. Ujumbe wake hautoki kwenye seva ya barua pepe, kwa sababu hiyo nayo imo ndani ya klasta. Unatoka kwenye modemu yenye laini ya simu, tumeibandika kwa gundi ya karatasi ubavuni mwa kabati. Wageni huicheka. Siku ile ya mashine 11, seva ya barua pepe ilikuwa mojawapo.

Ombi langu la mwisho ni la saa. Takwimu za sekunde 20 hukaa kwa kiasi cha saa moja tu. Baada ya hapo hugeuzwa wastani: wa dakika tano kwa siku ya kwanza, wa nusu saa kwa wiki, wa saa mbili kwa mwezi. Ukinipigia leo kunambia juzi asubuhi mfumo ulikuwa mzito kwa dakika tatu, ninachokiona ni nusu saa tulivu, na tutabishana bure. Piga wakati huohuo, taja dakika, taja ulikuwa unafungua nini. Wenzetu wa Wete na Mkoani kwanza waangalie kama kiungo cha kuja Unguja kipo. Mara nyingi seva inafanya kazi, njia ndiyo iliyokatika.

Orodha za namba tatu za dharura tunazihuisha mwezi huu. Kwenye orodha ya ofisi moja, namba ya kwanza haipatikani, ya pili ni ya mezani. Ya tatu ni ya bwana aliyestaafu zamani. Yeye hupokea kila mara, hata saa tisa za usiku, hutusikiliza mpaka mwisho, kisha hutuuliza kama tumekula.