Bolti ya oili haizibi kwa nguvu za mkono

Kijiweni utasikia kuhusu bolti ya chini ya injini, ile ya kumwagia oili: "Kaza mpaka spana ilie, isije ikamwaga." Wengine huvalisha bomba kwenye spana, wakapanda juu yake kwa mguu. Imani hii ni ya zamani, na imeharibu injini nyingi za bodaboda.

Kinachozuia oili si thredi (yale meno ya bolti na ya tundu lake), ni washa. Ile pete nyembamba ya shaba au alumini hujibana kati ya kichwa cha bolti na injini, ikaziba mianya midogo. Ikishajibana, nguvu ya ziada haizibi chochote. Inavuta thredi tu. Na hapo ndipo balaa, maana bolti ni chuma na tumbo la injini ni alumini, laini zaidi. Ukiona bolti imetoka na vinyweleo vyeupe vinavyong'aa, hizo ndizo thredi za injini.

Weka washa mpya, futa sehemu inapokaa, anza kuingiza bolti kwa vidole, kisha kaza kwa spana fupi. Kwa bolti yenye thredi za kipenyo cha milimita 12, vitabu vingi vya pikipiki hutaja Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 30. Silikoni, ile gundi ya kuzibia? Achana nayo, ikimegukia ndani huishia kwenye chujio.